Siku Tisini Ubaoni

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekalia kile kigoda chako kibovu. Cherehani za mji mzima unazitengeneza, kigoda chako kinakushinda. Sisi hatujambo. Baba wa mtoto yuko safarini na lori lake, wiki ya tatu sasa. Mjukuu wako ametimiza miaka miwili, ana meno ya kutosha kumuuma kila mtu, na mdomo amerithi kwangu. Mimi uliniita Kasuku. Huyu sijui utamwitaje. Macho yako je? Jirani yako Mama Vifungo ameniandikia kwamba siku hizi unavuka barabara na sindano mkononi ukamwombe akutungie uzi. Mbona hukuniambia?

Sasa kaa vizuri, nina habari. Kazini wamenitoa mapokezi, wamenipeleka chumba cha nyuma tunachokiita chumba cha nyimbo zisizo na mwenyewe. Unajua kazi ya chama chetu: wimbo ukipigwa redioni, hotelini au kwenye basi, anayeupiga hulipa kidogo, na kile kidogo humfuata aliyeutunga. Ndiyo mirabaha. Na anayetaka kuutia wimbo kwenye filamu au tangazo hapewi leseni mpaka mtunzi akubali. Shida ni pale mtunzi asipojulikana. Hela zake hukaa zikimngoja, na miaka saba ikipita bila mtu kujitokeza, hugawiwa watunzi wengine.

Wiki iliyopita kampuni moja ya makufuli imeomba leseni ya ule wimbo wa "Fungua", wautumie kwenye tangazo lao. Nani asiyeujua? Hakuna sherehe ambayo watu hawauchezi, unamhusu binti aliyefungiwa ndani na baba yake asiende kwa mpenzi wake. "Fungua, fungua, jua linakuchwa, fungua nitoke, kuna anayeningoja." Nikavuta faili. Marehemu kiongozi wa bendi iliyourekodi aliandika kwa mkono wake: mtunzi hajulikani. Ndani ya bahasha mna kaseti kuukuu. Nikaitia kwenye mashine. Kwanza nikasikia pedali ya cherehani, kisha mtu akakohoa mara mbili, kavu, halafu akaanza kuimba.

Mjomba, nililelewa na kikohozi kile! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Wewe ndiye mtunzi, na miaka yote hii umekaa kimya, jicho linakufa na hela za kulitibu ziko kabatini kwangu zinapigwa na vumbi. Fomu hii hapa. Jaza, weka sahihi, nirudishie kabla Machi haijaisha, maana mwaka wa saba tangu bendi iusajili ndio huu. Na safari hii usinizuge na mikono yenye mafuta. Ripoti zangu zote za shule niliziwekea sahihi yako mimi mwenyewe. Hii iweke wewe.

Ni mimi mpwa wako,
Kasuku


3 Machi

Kasuku, mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa, nikaianika juu ya meza ya kazi. Nimefurahi mtoto ana meno. Asiyeuma ataumwa, mwache. Mumeo salamu zake zimfikie huko aliko barabarani. Mimi sijambo. Mama Vifungo mwongo. Nilimwomba anitungie uzi mara moja, tena siku ya mawingu. Kazi ipo. Kuna cherehani ya shule ya ushonaji imeletwa, mwalimu wao anadai inaruka mishono. Nimeifungua nikakuta sindano imewekwa kinyumenyume. Mwalimu, eti.

Hilo la wimbo, umekosea. Duniani wawili wawili, na kikohozi hakina hati miliki. Mimi sijawahi kutunga hata wimbo wa kubembelezea mtoto. Wewe nilikubembeleza kwa nyimbo za watu, ulilala kwa kuchoka.

Fomu nakurudishia kama ilivyokuja. Nisamehe doa la mafuta kwenye kona.

Nakuuliza mambo mawili tu. Kaseti hiyo umeisikiliza peke yako, au kuna mwingine aliyeisikia? Na hiyo kampuni ya makufuli ni ya nani? Simaanishi jina la kwenye karatasi, namaanisha mtu mwenyewe.

Rudisha kaseti ulipoitoa. Funga kabati. Macho yangu yananitosha kwa yale ninayotaka kuyaona.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Tumepata barua yako jana, na huyu mjukuu wako ameitafuna ncha. Siku hizi anapanda juu ya vitu. Juzi nimemkuta juu ya ndoo, anaunyooshea mkono mlango, kitasa bado kiko mbali kidogo. Ukimtoa analia kana kwamba umemnyang'anya urithi.

Najua utanigombeza, kwa hiyo naanza kwa kuomba radhi. Barua yako imechelewa. Wiki tatu nilingoja, nne zikaja, na mkuu wangu alikuwa anafunga orodha ya mwaka. Nikaona wewe ni wewe, barua zako huenda kwa mwendo wa konokono mwenye mimba. Nikachukua fomu nyingine nikaijaza. Sahihi nimeweka ile ile ya ripoti zangu, mkono unaijua hata gizani. Kwenye swali la "Eleza mahali, tarehe na waliokuwepo wakati wa utunzi" nimeandika: chumbani kwake, mwaka ule tuliohamia huko, peke yake, akitengeneza cherehani. Sikukosea sana, au nimekosea?

Sasa utaratibu ni huu. Jina la mdai na mji wake hubandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi kwa siku tisini, mwenye pingamizi ajitokeze. Lako limebandikwa tarehe kumi na tano. Pasipotokea mtu mpaka katikati ya Juni, wimbo ni wako. Nani atatokea? Uache unyenyekevu wako wa kukunja shingo.

Kampuni ya makufuli sijui ni ya nani. Aliyekuja ni mwanasheria wao, ana viatu vya kung'aa, basi.

Kitu kimoja nataka unieleze. Kwenye kaseti kuna ubeti wa nne ambao bendi iliukata. Unasema: "Kaka, ufunguo unao. Kaka, mwana hajala." Nimeusikiliza mara nyingi. Binti anamlilia baba yake na mpenzi wake, sawa. Huyo kaka mwenye ufunguo ametoka wapi?

Kasuku wako


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mbusu mtoto. Mtoe juu ya ndoo.

Ondoa jina langu kwenye ubao huo. Ukipata barua hii asubuhi, liondoe asubuhi. Waambie mzee amechanganyikiwa, waambie sahihi si yake, maana kweli si yake. Waambie lolote.

Umeandika na mji! Kasuku, umeandika na mji.

Wiki iliyopita alikuja kijana mrefu, amevaa saa mkono wa kulia, kabeba cherehani ya mkono ya zamani. Akasema haishoni vizuri. Nikaijaribu kwenye kitambaa, inashona kama imetoka dukani leo. Mtu hampelekei fundi cherehani nzima. Nikaitia mafuta kidogo, nikakataa malipo, nikamwambia aende salama. Hakwenda. Alisimama akiangalia mikono yangu. Akaniuliza kazi hii nilijifunzia wapi. Nikasema, kwa marehemu baba. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeweka tiki kwenye orodha.

Tangu siku hiyo nimefunga karakana. Mama Vifungo ananiletea chakula, anadhani nina malaria. Mlango wa nyuma nimeusukumia meza. Unacheka? Usicheke. Miaka ishirini na mitano nimeishi bila kuandika jina langu mahali popote, wala kwenye kibao cha duka.

Nakwambia moja, mengine usiniulize. Kabla ya kuja huku nilikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kiliungua. Mwenye kiwanda, tulimwita Tajiri, ni mtu ambaye mkono wake ulifika popote alipotaka, na sijasikia kwamba amekufa.

Bahasha zako usiandike anwani yangu. Tuma kwa sanduku la Mama Vifungo.

Mjomba wako


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mtoto mzima, anakusalimu kwa lugha yake. Baba yake alirudi siku mbili, akaondoka tena. Nisingependa kuwa peke yangu siku hizi, lakini lori halisubiri.

Nimejaribu kuliondoa. Mkuu wangu anasema tangazo likishabandikwa haliondolewi ila mdai afike mwenyewe na kitambulisho. Nilitaka kulichana, Mjomba, naapa. Nimesimama mbele ya ubao ule na mkono nimeuinua. Mlinzi wa getini akaniuliza, "Vipi dada, kuna nzi?"

Mlinzi huyo huyo ameniambia kuwa mwishoni mwa Machi kuna mtu alilipiga picha tangazo lako, hakupiga jingine. Juzi karudi. Mrefu, saa mkono wa kulia. Ile saa nimeiona mwenyewe. Ameuliza mapokezi kama mzee huyu ana watoto. Wakamwambia hawajui. Nilikuwa napita na faili kifuani, akanigeukia, akasema kwa adabu kabisa: "Samahani dada, wewe ni nani wake?" Nikasema, mimi ni mfanyakazi tu. Akanitazama usoni muda mrefu. Akasema, "Unafanana na mtu." Jioni nimeshuka kituo kimoja kabla ya changu, nikazunguka mitaa mitatu ndipo nikaingia kwangu.

Kwa kuwa ulinikataza kuuliza, nimejitafutia. Maktaba wana magazeti ya mwaka ule. Habari yenyewe ina aya nne. Jioni saa kumi na moja, moto umeanzia kwenye mabaki ya pamba. Wanawake kumi na tisa wamekufa, majina hawakuyachapisha. Uchunguzi ulisema mlango ulikuwa wazi na wafanyakazi walikanyagana kwa hofu. Mstari wa mwisho unasema mshika funguo wa zamu alitoroka na anatafutwa.

Unamfahamu mshika funguo huyo? Ni yeye unayemwogopa, au ni Tajiri?

Na jambo jingine, samahani kama ni ujinga wa mtu asiyelala vizuri. Mama alikufa mwaka ule ule. Uliniambia ni homa. Homa gani, Mjomba?

Kasuku


29 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wiki nne sijapata neno lako. Mama Vifungo ananiambia uko hai na unakula, na barua yangu umeisoma mbele yake ukaikunja ukaitia chini ya cherehani. Basi nijibu.

Pingamizi limekuja. Yule kijana ndiye aliyelileta, limeandikwa na mama yake, hawezi kusafiri. Yeye si mtu wa Tajiri. Nililisoma ofisini nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena. Sheria inataka mdai apate nakala, kwa hiyo ninakunakilia hapa kwa mkono wangu maneno yake yaliyo muhimu:

"Mimi nilikuwa mshonaji wa meza ya tatu. Tulionusurika ni watatu, tulitokea dirisha la choo. Mwanangu alisoma jina la mdai ubaoni alipokwenda kusajili nyimbo zake, na jina hilo nimemtajia tangu akiwa mdogo. Nilimpa cherehani yangu akamtazame. Amenirudishia habari kwamba ni mzee, macho yameingia ukungu, na cherehani ameitia mafuta bure. Sitaki hela yake wala sitaki afungwe. Ninapinga jambo moja. Ameandikwa mtunzi wa maneno. Maneno yale si yake, ni yetu. 'Jua linakuchwa' alisema wa meza ya kwanza, kwao kulikuwa mbali. 'Kuna anayeningoja' tulisema wengi, kila mtu na wake. Na ubeti ambao bendi hawakuuimba, ule wa kaka mwenye ufunguo, ulisemwa na mwenzetu mmoja tu, kwa sababu aliyeshika ufunguo nje ya mlango alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka miwili. Waandikwe waliosema."

Mjomba, mama yangu alikuwa na kaka mmoja.

Sikuulizi tena kuhusu homa. Kikao cha kusikiliza pingamizi ni tarehe kumi Julai, saa tatu asubuhi. Usipofika, dai linafutwa, jina lako linaondoka ubaoni kama ulivyotaka.

Mpwa wako


18 Juni

Mwanangu,

Leo sina haki ya marahaba, kwa hiyo naanza bila salamu. Nimeandika barua hii mara sita. Macho yananipa mistari mitatu kisha inabidi nipumzike, na katika kupumzika ujasiri unaondoka.

Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Utaratibu wa kiwanda ulikuwa huu. Vitambaa vilikuwa vinaibwa, basi Tajiri akaamuru zamu ikiingia mlango ufungwe kwa nje, na asiufungue mtu bila kibali cha maandishi kutoka ofisini. Fundi wa mashine wa zamu ndiye mshika funguo. Ukipokea ufunguo unaweka sahihi kwenye daftari. Mama yako ndiye aliyenitafutia kazi ile. Mwezi mmoja kabla, nilimfungulia bila kibali mama mmoja aliyeugua. Nikakatwa mshahara nikaambiwa, ukirudia utafukuzwa, na dada yako atafuata njia hiyo hiyo.

Siku ile nilikuwa uani nasafisha mota. Niliona moshi, nikasikia wanagonga. Nikafika mlangoni. Nilimsikia mama yako vizuri kabisa, hakupiga kelele, alisema kama anavyosema nyumbani: "Kaka, ufunguo unao. Kaka, mwana hajala." Kasuku, mimi nikakimbia kwenda kuomba kibali.

Soma tena kama hukuelewa, maana na mimi sijaelewa mpaka leo. Nilikuwa na ufunguo nikakimbia kuomba karatasi. Nilivuka ua mzima. Msimamizi akasema ngoja nimpigie Tajiri simu. Nikangoja. Nilisimama mbele ya meza yake mikono nyuma nikangoja simu iitikiwe. Niliporudi kufuli lilikuwa la moto, likanichuna kiganja, na ndani hapakuwa na anayegonga.

Usiku huo watu wa Tajiri walinijia. Wakasema mlango ulikuwa wazi, hivyo ndivyo utakavyosema, la sivyo daftari lina sahihi yako na muuaji ni wewe. Nilikuchukua kwa jirani ukiwa umelala, nikapanda gari. Tangu hapo sijaweka sahihi. Si mafuta ya mashine, mwanangu. Niliogopa hata ripoti ya mtoto wa darasa la kwanza.

Wimbo haukutungwa. Yale maneno yalikuwa yanarudi kila nikikanyaga pedali, nikayaimba ili yatoke. Kiongozi wa bendi alileta cherehani ya mkewe, akayasikia, akaniomba nimrekodie kwenye kaseti. Nikampa kwa sharti moja, asiandike jina. Watu wakaanza kucheza. Siku ya kwanza kuona watu wanacheza nilijificha nyuma ya ukuta mpaka wimbo ukaisha. Ningekulaje mirabaha ya kitu kile?

Nilidhani namwogopa Tajiri. Nimekaa ndani miezi miwili na meza mlangoni, nikagundua kwamba aliyenitisha miaka yote ni wewe. Niliogopa siku utakayosoma barua hii.

Ndani ya bahasha kuna fomu mpya. Nimeijaza mwenyewe. Kwenye sehemu ya watunzi wa maneno nimeandika majina ishirini na mawili, kumi na tisa waliobaki ndani na watatu waliotoka. Nimewakumbuka wote, nilikuwa nawatengenezea mashine zao, kila mmoja na ugonjwa wa mashine yake. La mama yako ni la tisa, kwa mpangilio wa meza. Mirabaha iwafuate watoto wao. Kwenye mtunzi wa muziki nimeandika jina langu, ili atakayetaka kujua nani alikuwa mlangoni ajue pa kuniita. Na pale wanapouliza mahali, tarehe na waliokuwepo, nafasi haikutosha, nimeendelea nyuma ya karatasi. Nimeandika kwamba mlango ulifungwa, nani aliamuru, na nani alikuwa na ufunguo. Ninaogopa. Karatasi hii ikibandikwa ubaoni, Tajiri au wanawe wataisoma. Iacheni isomwe.

Kampuni ya makufuli waambie hapana.

Nitafika tarehe tisa Julai kwa basi la asubuhi. Anwani yako ninayo. Nitabisha hodi mara moja. Usiponifungulia nitaelewa, nitakwenda kulala stendi, na asubuhi utanikuta ofisini kwenu.

Angalia chini ya ukurasa. Hiyo ndiyo sahihi yangu. Haifanani hata kidogo na ile uliyokuwa ukiniwekea.


1 Julai

Mjomba,

Fomu imebandikwa jana. Kurasa zote, mbele na nyuma. Mlinzi amelazimika kuhamisha matangazo mengine ili zienee. Mkuu wangu amesoma hadi mwisho, akavua miwani, akaniambia niende nyumbani, sikwenda. Mchana mwanasheria wa makufuli alifika, akasoma, akapiga simu akiwa bado amesimama pale pale, akaondoka bila kuaga. Sijui alimpigia nani. Nimeogopa, na naandika hivyo kwa sababu wewe umeandika woga wako.

Yule kijana mwenye saa amekuja pia. Alitafuta jina la mama yake kwa kidole, kisha akanitafutia la mama yangu kabla sijamwomba. Sikuwahi kuliona limeandikwa na mtu. Nimelinakili kwenye kiganja changu.

Salamu sikuanza nayo, umeona. Nilijaribu kuiandika mara mbili, kalamu ikagoma. Barua yako naisoma kila siku na kila siku nafika pale uliposimama mikono nyuma ukingoja simu, nashindwa kuendelea. Nina hasira na wewe ambayo sijui nitaiweka wapi. Umenipikia, umenisomesha, ulinibeba mgongoni nilipoumwa. Na ufunguo ulikuwa nao.

Kwa hiyo sikuahidi kwamba siku ya tarehe tisa nitafungua. Nikisikia hodi yako huenda nikakaa jikoni mikono imeshika meza.

Habari za nyumbani ni moja tu. Mjukuu wako hahitaji ndoo tena. Tangu wiki iliyopita anafikia kitasa akisimama kwa vidole, na akisikia mtu anabisha hunitangulia mbio. Nimemkataza, nimemfinya, hasikii. Anafungua kwanza, kisha ndipo anaangalia ni nani.

Kasuku